Sura ya Saba: Ukuta wa Mzee Bader

Tangu asubuhi Lamya alikuwa hashiki kitu kikashikika. Kikombe kilimponyoka kikavunjika, sukari akaimwaga, na alipopewa mchele auchague, alitupa punje akabakiza mawe. Shangazi yake, Bi Nunu, aliyekuwa akitwanga iliki ya kahawa, alimtazama mpaka akashindwa kujizuia.

“We mtoto, hayo mawe unampikia nani?”

Lamya akainamia ungo, akaona aibu.

“Wageni wanakuja kula wali, mwanangu, si kokoto. Wakivunjika meno, maneno ya posa atayasema nani?”

“Shangazi, baba akiwafukuza je?”

“Atawafukuzaje watu waliokuja kwa heri? Juzi nilimwambia, ‘Kaka, Ijumaa alasiri watu wema wanakuja kwa ajili ya Lamya, usiende popote.’ Unajua alinijibu nini? ‘Vyema, nina habari nao.’ Na tabasamu juu!”

“Ana habari nao? Kaambiwa na nani?”

“Mji huu una midomo. Ukipiga chafya Ng'ambo, Isikizya wanakuombea afya.”

“Basi anajua kuwa ni Uwesu, na bado akatabasamu?”

Mchi wa Bi Nunu ulisimama hewani kidogo kabla haujashuka tena. “Jina sikulitaja. Jina hutajwa na mshenga. Wewe kazi yako ni moja tu. Utasimama nyuma ya pazia, utaulizwa, nawe utanyamaza. Kwetu mwari hasemi ‘namtaka’ mbele ya wazee. Akinyamaza ameridhia. Mimi nilinyamaza, mama yako Mungu amrehemu alinyamaza, na ndoa zetu zilidumu.”

Lamya aliitikia kwa kichwa, lakini moyo wake haukutulia. Alijua kwa nini shangazi yake alikwepa kulitaja lile jina.

Nyuma ya nyumba yao, nyuma ya ghala ambamo Mzee Bader alihifadhi asali na nta ya kutoka misitu ya Ipole, kulikuwa na Mbuga ya Wapagazi. Wazee wa mji husimulia kwamba enzi za misafara wapagazi walitua mizigo yao pale, wakanawa vumbi la njia nzima, ndipo wakaingia mjini wakiwa watu. Lamya hakuikuta mbuga hiyo. Aliyoikuta utotoni ilikuwa jalala lenye mifuko ya plastiki, magurudumu yaliyochakaa na mashimo ya wafyatua matofali, na harufu iliyowafanya wageni waulize kama kuna mnyama amekufa jirani.

Kisha Uwesu akaja na chepe lake. Alikuwa seremala wa mtaa wa Ng'ambo, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na alianza peke yake, watu wakamcheka. Walipochoka kumcheka wakaja kumsaidia. Taka ziliondolewa, matete yakapandwa, madaraja madogo ya mbao yakawekwa ili kila mtu, mwenye nacho na asiye nacho, apate mahali pa kupunga upepo jioni. Lamya ndiye aliyeotesha miche. Siku ya kwanza Uwesu alimwuliza, “Huu mche unaitwaje?” Akamjibu, “Mkuyu.” “Na aliyeuotesha?” Lamya hakujibu. Alikwenda nyumbani huku akijichekea njia nzima.

Mambo yangeishia hapo kwa heri kama si ukuta. Kijito kilichotoa maji mbugani kilipita zamani pale pale Mzee Bader alipokuja kujenga ukuta wa ua wake. Masika maji hukosa njia, hugeuka na kuingia kwenye nyumba za Ng'ambo. Katika mkutano wa watu wa mtaa Uwesu alisimama akasema, kwa adabu lakini bila kupepesa macho, “Tumesafisha kila kitu. Kizibo kilichobaki ni ukuta wa Mzee Bader.” Na Mzee Bader alikuwa ameketi mstari wa mbele. Tangu siku ile jina la Uwesu halikutamkwa nyumbani mwao.

Siku hiyo ya posa, baada ya swala ya Ijumaa, Lamya alishindwa kukaa. Alijitanda mtandio, akachukua ndoo ya kumwagilia, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Alimkuta Uwesu kwenye matope. Alikuwa ametoka msikitini moja kwa moja, kanzu ameikunja na kuifunga kiunoni, suruali imepanda hadi magotini, anachimba. Alipomwona aliinua uso, na macho yao yalipokutana Lamya alisahau nusu ya maneno aliyokuja nayo.

“Dada wa miche,” Uwesu alisema, “leo umekuja kumwagilia au kunitazama?”

“Nimekuja kukuomba.”

“Omba.”

“Habari ya ukuta usiiguse mpaka baba ajibu posa. Mwambie mjomba wako, mshenga wetu, asiitaje leo. Akishajibu, tutazungumza naye taratibu. Mimi mwenyewe nitazungumza naye.”

Uwesu akachomeka chepe ardhini. “Tazama kule.”

Lamya akageuka. Upande wa kusini wingu lilikuwa limetanda, jeusi kama sufuria ya msibani, na upepo wake ulianza kulaza matete.

“Mama yangu saa hii anapandisha godoro juu ya meza,” Uwesu alisema. “Masika iliyopita ukuta wa chumba ulilala juu ya kitanda, naye ndiyo kwanza ametoka kuamka. Nimwambie nini? ‘Mama, vumilia maji, mwanao anaoa’?”

“Sikusema hivyo.”

“Ndivyo unavyoniomba.”

“Nakuomba unipende kwa akili, Uwesu!”

“Ndiyo nakupenda hivyo. Nikinyamaza leo ili nikupate, kesho nitanyamazia nini ili nisikupoteze? Mjomba Selemani nimempa maneno mawili. La kwanza ni ukuta, la pili ni posa. Baba yako asije akasema nilimwendea kwa mlango wa nyuma.”

“La kwanza ukuta!” Machozi yalimjaa. “Kwa hiyo mimi ni la pili?”

“Lamya, si hivyo, mwenzangu…”

“Basi mjomba wako asije. Umesikia? Abaki na maneno yake huko huko Ng'ambo.”

Alisema kwa hasira, na papo hapo akajuta. Alisimama akingoja Uwesu aseme, “Atakuja tu.” Neno moja lingemtosha. Lakini Uwesu alimtazama kwa macho ya mtu aliyepigwa na asiyemtarajia, akainama, akashika chepe lake. Lamya akaondoka. Ndoo aliiacha pale pale, imejaa maji.

Adhana ya alasiri ilimkuta chumbani, amevaa gauni la zambarau ambalo shangazi yake alilifukiza udi tangu jana. Kila mlio wa nje ulimshtua. Baiskeli ikipita, aliinua kichwa. Mbuzi akilia, aliinua kichwa. Atakuja? Hatakuja? Na ikiwa hatakuja, nani wa kulaumiwa kama si ulimi wake mwenyewe?

Mara Bi Nunu akaingia mbio, kanga imemtoka kichwani. “Wamefika! Nimesikia salamu. Simama, mwanangu, jifute uso!”

Lamya alihisi damu inamrudia mwilini. Amemtuma! Pamoja na maneno yangu yote, amemtuma!

Walisimama wote wawili nyuma ya pazia la sebule. Upepo ulikuwa umeshakuwa mkali, na bati moja lililolegea ghalani lilipiga kelele hivi kwamba sauti za wanaume zilisikika vipande vipande. “…watu wa kheri…” “…tumejuana siku nyingi…” Kutazama haikuwa adabu. Lamya aliinamisha uso, akahesabu maua ya pazia.

“Lamya, upo?” Hiyo ilikuwa sauti ya baba yake, na ilikuwa laini.

“Nipo, baba.”

“Binti yangu, watu waungwana wamekuja kukuposa. Mimi baba yako nimemridhia kijana wao. Wewe unasemaje?”

Amemridhia! Maneno yale mawili yamesemwa, ukuta umetajwa, na baba bado ameridhia! Alitaka kupiga kigelegele. Bi Nunu aliweka kidole mdomoni kumkumbusha. Lamya akaibana midomo yake, akanyamaza. Akanyamaza kwa moyo wake wote.

“Amenyamaza,” Mzee Bader alisema kwa furaha. “Kunyamaza ni ridhaa. Alhamdulillahi! Mzee Fauzi, mpigie simu Hamdun umwambie amepata mke.”

Pale nyuma ya pazia pakawa baridi.

Mzee Fauzi alikuwa rafiki wa Mzee Bader wa tangu ujana, mfanyabiashara mwenzake. Hamdun, mwanawe, alikuwa na duka Mwanza, kijana mpole, mwenye dini, asiye na baya hata moja. Kasoro yake kwa Lamya ni kwamba hakuwa Uwesu.

Bi Nunu alijipiga kifua kwa kiganja. “Lo! ‘Nina habari nao.’ Kumbe kaka alikuwa na watu wema wake, na mimi na watu wema wangu!”

“Shangazi, nenda kamwambie!”

“Nikaseme nini mimi? Nivunje neno la wanaume mbele ya mgeni? Nyamaza kwanza, mwanangu, njia itapatikana.”

“Kunyamaza ndiko kulikonifikisha hapa!”

“Punguza sauti, watakusikia.”

Sebuleni Mzee Bader alikuwa ameanza kuomba dua ya shukrani. Lamya alisikia “amin” ya kwanza, na ilimwingia kama msumari. Wakimaliza, itakuwa imekwisha. Ndipo, katikati ya upepo na bati, sauti ya kizee ikaita kutoka barazani.

“Hodi! Hodi wenyewe! Mimi Selemani wa Ng'ambo!”

Amekuja. Lamya alifumba macho. Uwesu alikaripiwa, akakatazwa, na bado alimtuma mjomba wake. Mtu wa namna hiyo hanyamaziwi.

“Baba,” alisema kupitia pazia, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. “Sikuridhia.”

Dua ilikatika.

“Nani kasema?”

“Mimi, baba. Nilidhani ni wageni wengine. Nilinyamaza kwa ajili ya mtu mwingine. Mzee Fauzi, nisamehe kama baba yangu. Hamdun hana kosa lolote.”

Kisha Mzee Fauzi akainuka, na bakora yake ikagonga sakafu. Hakupaza sauti.

“Bader, mimi na wewe tumeuza nta pamoja tangu hatujaoa. Nikimpelekea mwanangu mke aliyenyamaza kwa ajili ya mwingine, nitakuwa nimempelekea nini? Afadhali amesema sasa.” Akavaa viatu. “Tutaonana msikitini, inshallah.”

Akapita barazani, akamsalimia Mzee Selemani kwa heshima, akaenda zake. Mzee Bader alibaki amesimama katikati ya sebule kama mtu aliyevuliwa kilemba sokoni. Kwa kuwa hakuwa na wa kumkasirikia usoni, alimgeukia yule mzee mwembamba aliyesimama mlangoni ameshika viatu vyenye matope mkononi.

“Na wewe umekuja na nini?”

“Nimekuja na maneno mawili, bwana. Nimetumwa na mpwa wangu, Uwesu. La kwanza, anasema mvua imefika na ukuta wako umefunga njia ya maji. Anakuomba uruhusu ufunguliwe tundu. La pili, anamposa binti yako.”

“Kwa mpangilio huo huo?”

“Huo huo. Nilimsihi aanze na la pili, akakataa. Mbishi kuliko punda.”

“Yaani anataka kuvunja ukuta wangu na kunichukulia binti yangu!” Mzee Bader alifoka. “Atabakisha nini, paa? Nunu! Kahawa hapa hakuna. Mgeni huyu anaondoka!”

Pale pale mvua ikashuka. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika kama iliyokuwa imezuiliwa mlangoni. Mzee Selemani alitazama nje, akamtazama mwenye nyumba.

“Ningeondoka, bwana, lakini hata kwenu nadhani mgeni hatolewi mvuani.”

Akaketi ukingoni mwa baraza, mabega nusu yakiloa, akatulia.

Mzee Bader alichukua mwavuli, akapitia jikoni, akaelekea uani kuangalia ghala lake. Lamya alimfuata bila kuitwa, na Bi Nunu akamfuata Lamya akiwa amejifunika kanga.

Ukuta ulikuwa umelowa upande wa ndani. Maji yalipenya kwenye maungio ya matofali, yakitiririka kama jasho. Na nyuma yake, katikati ya ngurumo, chepe lilisikika likikwaruza mawe.

“Nani huko?” Mzee Bader aliita.

“Ni mimi, mzee. Uwesu. Shikamoo!”

“Marahaba…” Mzee Bader aliitikia kwa mazoea, kisha akakasirika kwa kuwa ameitikia. “Unavunja ukuta wangu?”

“Hapana, mzee! Ukuta ni wako, siugusi bila ruhusa yako. Nachimba mtaro uuzunguke.”

“Hautafika! Hapo chini ni mwamba mtupu!”

“Najua, mzee. Lakini nyumbani maji yameshaingia.”

Lamya alimwaza Uwesu upande wa pili, peke yake, maji yakimpanda mapajani. Kisha aliona kitu kilichomtoa kwenye mawazo hayo. Mstari mwembamba ulikuwa umetokea ukutani, nao ulikuwa unarefuka.

“Baba, ukuta unapasuka!”

“Mzee!” Uwesu alipiga kelele. “Ondoka hapo! Maji yanausukuma kwako! Mtoe Lamya!”

Mzee Bader hakuondoka. Alitazama ghala lenye mali yake ya mwaka mzima. Akamtazama binti yake aliyelowa. Kisha akatazama ile sehemu ya ukuta ambako sauti ya kijana ilitoka, kijana ambaye angeweza kuupiga ukuta ule sururu tangu mchana na hakuna ambaye angemwona. Akatupa mwavuli. Akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemea ghala.

“Kijana! Sogea kwenye kona, penye mkuyu! Mtaro wa zamani uko kwangu ndani. Gonga upande wako, nami nagonga wangu!”

“Umeniruhusu, mzee?”

“Unataka nikuimbie? Gonga!”

Lamya aliruka kwenye mtaro ule wa zamani uliojaa magunia na madebe mabovu, akaanza kuvitoa kwa mikono yake, gauni la zambarau likageuka udongo. Juu ya kichwa chake vyuma viwili vilijibizana. Tofali la kwanza likaanguka, kisha la pili, na maji ya tope yakaruka ndani, yakampiga kiunoni, yakashika mtaro na kukimbilia barabarani kama yanayoijua njia.

Kwenye tundu uso ulitokea. Uwesu alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Alimwona Lamya, na wote wawili wakasahau kuwa kuna mvua.

“Dada wa miche,” alinong'ona. “Ndoo yako ninayo.”

“Nakusikia!” Mzee Bader alinguruma. “Na posa yako sijaijibu!”

“Ndiyo, mzee.”

Mzee Bader aliendelea kupanua tundu, akihema. Pigo, tena pigo. Baadaye alizungumza bila kumtazama mtu, macho yake kwenye matofali.

“Lamya. Watu wamekuja kukuposa. Wewe unasemaje?”

Bi Nunu, kwa mazoea yake, aliweka kidole mdomoni.

“Namtaka, baba,” Lamya alisema. “Uwesu, mpwa wa Mzee Selemani wa Ng'ambo. Huyu aliyesimama hapo kwenye tundu. Si mwingine.”

Mzee Bader hakusema neno. Akapiga tofali jingine.

“Kanyamaza!” Bi Nunu alinong'ona, akamfinya Lamya mkono. “Kaka kanyamaza! Kwani kunyamaza si ridhaa?”

Lamya hakucheka. Alikuwa ameona siku hiyo jinsi kunyamaza kunavyoweza kumpeleka mtu nyumba asiyoikusudia. Alisimama ndani ya maji, meno yakimgongana, akamngoja baba yake. Upande wa pili Uwesu naye alingoja, chepe mkononi.

Mzee Bader aliegemeza mtaimbo ukutani. Akajifuta uso kwa kiganja.

“Nunu,” alisema, “yule mzee bado yuko barazani?”

“Yuko, kaka. Analoa.”

“Mwingize ndani. Mpe ile kahawa ya posa.”